SOMO LA VIKUNDI: Gitaa la Besi la Mtumba – Tazameni Shingo Kabla ya Rangi

Somo la leo ni kwa vikundi vya vijana, kwaya na akina mama wanaotaka kununua gitaa la besi lililotumika. Hata kama kikundi chenu si cha muziki, someni tu, maana njia ya kununua kitu cha mtumba kwa pesa za kikundi ni moja.

Kwa nini besi?

Sisi watu wa upande huu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa utamu wa besi. Muziki wa benga ulizaliwa Nyanza pale wapigaji walipofanya gitaa lifuate mapigo ya nyatiti, ile ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Marehemu D. O. Misiani wa Shirati Jazz, aliyefariki mwaka 2006, alitoka Shirati, hapo tu ng'ambo ya mpaka ukitoka Migori. Katika benga besi haijifichi nyuma. Inatembea, inajibizana na gitaa la solo, na ndiyo inayoinua watu kwenye viti.

Sasa, kikundi kinachokodi besi kila harusi na kila matanga kinatoa pesa isiyorudi. Kikiwa na la kwake kinapiga, na siku zingine kinakodisha kwa wenzake. Lakini kikinunua gitaa bovu, pesa ya mchango wa miezi mingi imelala pembeni ya kanisa, na wanachama wanaanza kunung'unikiana. Hapo ndipo vikundi huvunjika.

Hesabu kwanza

Mnakumbuka ule mfano katika Luka 14, wa mtu anayetaka kujenga mnara akakaa chini kwanza kuhesabu gharama. Fanyeni hivyo hivyo. Tuseme kikundi kina shilingi 20,000. Mkitoa zote kwa gitaa, mtanunua nyuzi na waya kwa nini? Fundi mtamlipa na nini? Wekeni kando 6,000 kwanza, halafu mtafute gitaa la 14,000 au chini ya hapo. Hii ni hesabu ya mfano tu, bei mtaiulizia wenyewe. Na amplifaya ihesabiwe mbali.

Siku ya kwenda kuangalia

Nendeni watu watatu: anayejua kupiga, anayeshika pesa, na mmoja mwenye macho ya fundi seremala. Muuzaji akisema, "Hii ni orijino kutoka ng'ambo," mwambieni asante, kisha mfuate hatua hizi.

1. Shingo. Shikeni gitaa kama seremala anavyopima mbao, jicho moja limefungwa, mtazame kutoka kichwani kuelekea mwilini. Shingo ikiwa imejisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, rudisheni gitaa na mwende nyumbani. Kama haikujisokota, bonyezeni uzi kwenye freti ya kwanza na pia kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Katikati, uzi uwe juu ya freti kidogo sana, kama unene wa kadi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, shingo imepinda mbele. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, huenda imepinda nyuma.

2. Fito ya ndani. Magitaa mengi ya besi yana fito ya chuma ndani ya shingo ya kuinyoosha. Ombeni ruhusa muone kama nati yake inazunguka. Ikiwa imekwama au imekatika na shingo imepinda, msinunue.

3. Nyufa. Angalieni pale kichwa kinapoungana na shingo, na pale shingo inapoungana na mwili. Ufa uliopakwa rangi bado ni ufa.

4. Kila noti. Pigeni kila uzi kwenye kila freti, polepole. Mkisikia mlio wa kukwaruza mahali pamoja tu, freti hiyo imelika au inayoifuata imeinuka.

5. Umeme. Chomekeni kwenye amplifaya. Vifungo vikikwaruza, mara nyingi ni vumbi. Sauti ikikatika mkigusa waya, ni tundu lililolegea. Hayo yasiwatishe, lakini mnaweza kuyatumia kupunguza bei.

Kwa ufupi: kutu ya nyuzi, rangi iliyobanduka, vifungo na tundu la waya ni magonjwa madogo. Shingo mbaya ni kifo. Watu wengi huangalia rangi inayong'aa wakasahau shingo.

Kabla ya kulipa, ulizeni gitaa lilitoka wapi. Andikianeni, pamoja na namba ya kitambulisho cha muuzaji na namba ya gitaa, ambayo aghalabu iko nyuma ya kichwa au kwenye bamba la maungio ya shingo. Asiyetaka kuandika, msimpe pesa. Gitaa la wizi litawapeleka kituoni.

Kulitengeneza

Fuateni mpangilio huu, msiruke hatua.

Kwanza, nyuzi. Kama hamna pesa ya mpya, toeni zile kuukuu, zichemsheni kwa maji kama dakika kumi, mzikaushe kabisa. Mafuta na uchafu vitatoka na sauti itachangamka kwa muda. Zilizoliwa na kutu msichemshe, tupeni.

Pili, kazeni nyuzi kwenye sauti zake: E, A, D, G, kuanzia nene. Siku hizi simu ina programu ya kupimia, au tumieni kinanda cha kanisa.

Tatu, shingo. Ikiwa imepinda mbele, kazeni nati ya fito kwa kuizungusha kulia, robo mzunguko tu. Ikiwa imepinda nyuma, legezeni robo. Kisha kazeni nyuzi upya, mngoje mpaka kesho, ndipo mpime tena. Nati ikikataa, msiilazimishe. Mwiteni fundi.

Nne, urefu wa nyuzi. Pigeni uzi ukiwa wazi, kisha kwenye freti ya 12. Noti iwe ile ile, ila ya juu. Ikiwa ya freti ya 12 imezidi, rudisheni nyuma kile chuma kidogo kinachobeba uzi huo kwenye daraja. Ikiwa imepungua, leteni mbele.

Tano, nyaya. Fundi wa redio anaweza kulehemu tundu na nyaya zilizokatika kwa muda mfupi.

Onyo la umeme

Hili msilichukulie mchezo. Nyuzi za besi zimeunganishwa na amplifaya kupitia waya. Amplifaya yenye hitilafu, isiyo na waya wa ardhini, inaweza kutia umeme wa volti 240 kwenye nyuzi. Tumieni plagi ya miguu mitatu, wala msikate mguu wa ardhini. Gusisheni tesa kwenye nyuzi kabla ya mpigaji kuzishika. Ikiwaka, zimeni mara moja. Hata isipowaka, mtu asipige miguu mitupu kwenye nyasi zenye maji, hasa matanga yakifanyika mvua ikinyesha.

Tena, msichomeke besi kwenye redio ya nyumbani. Uzi mnene hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo itararuka.

Kulitunza

Futeni jasho kila mkimaliza. Msiliegemeze kwenye ukuta wa mabati wala kuliacha juani. Liwe na mfuko wake, na daftari la nani amelichukua na lini. Kwenye kumbukumbu za mkutano andikeni wazi kwamba gitaa ni la kikundi, si la mpigaji. Mpigaji akihamia Nairobi, gitaa libaki.

Maswali ya kujadiliana

1. Kikundi chetu kimewahi kununua kitu bila kuhesabu gharama za baadaye? Kilituletea nini?
2. Nani kati yetu ana macho ya kupima shingo, na nani ataandika mapatano?
3. Tukikodisha gitaa, pesa itaingia wapi, na likiharibika mkononi mwa mwingine nani atalipa?

Jibuni swali la tatu kabla ya kununua, na mliandike. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.