LUTU ALITAZAMA MAJI, HAKUTAZAMA MAJIRANI

Somo: Mwanzo 13:5-13, Zekaria 8:4-5, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tangu hapo, swali moja naulizwa sana baada ya ibada: "Mchungaji, nyumba huku Bahati ni rahisi kuliko Nairobi. Nilete familia?"

Ni swali zuri. Mungu hamkasirikii mtu anayetafuta kodi anayoiweza. Lakini kodi ni jibu la mfuko tu. Swali la watoto bado liko pale pale.

1. Lutu alipiga hesabu nusu

Lutu aliinua macho akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali. Kwa mfugaji, hiyo ni hesabu nzuri. Lakini Neno linaongeza jambo ambalo hatusomi popote kwamba Lutu aliliuliza: watu wa Sodoma walikuwa waovu. Tena hakuingia mara moja. Sura ya 13 anasogeza hema kuelekea Sodoma. Sura ya 14 anaishi humo. Sura ya 19 ameketi langoni kama mwenyeji. Siku ya kuokoa nyumba yake, wakwe zake walidhani anafanya mzaha. Mifugo ilipata majani, lakini jamaa yake ikaharibika.

2. Kipimo cha Zekaria

Nabii anapoueleza mji uliobarikiwa, hataji bei ya ploti. Anataja wazee wameketi njiani na fimbo zao, na watoto wakicheza barabarani. Basi kabla ya kulipa dipositi, nenda mtaa huo saa kumi na moja jioni, shule zikifungwa. Je, watoto wanacheza nje? Kuna mtu mzima anayewatazama? Vijana waliomaliza shule wanashinda wapi? Mwenye nyumba hawezi kukujibu hayo. Mama wa kibanda cha mboga atakuambia.

3. Uliza maji

Huku kwetu Bonde la Ufa, maji mengi ya ardhini yana floridi nyingi. Ndiyo maana unaona meno ya kahawia hata kwa watoto wanaopiga mswaki kila siku. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuondoi floridi. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu ya shida hii. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri yanasaidia pia. Meno ya mtoto hujengeka akiwa mdogo. Ukichelewa kuuliza, meno hayangoji.

4. Hesabu saa, si shilingi peke yake

Hapa ndipo nataka tukae. Wengi wanahamisha mama na watoto huku, baba anabaki Nairobi, kilomita karibu 160, anakuja mwisho wa mwezi. Kodi imepungua, kweli. Lakini Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi awafundishe watoto akiketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Hayo hayafanyiki kwa simu. Sihukumu aliye mbali kwa sababu ya kazi. Wengine hawana njia nyingine. Nasema tu: kama pesa uliyookoa kwenye kodi inaweza kulipa nauli ya kurudi kila wiki, ilipe. Hiyo nauli ni sehemu ya malezi.

Na ukishahamia, usikae kama mpita njia. Yeremia 29 iliwaambia watu waliokuwa uhamishoni Babeli wajenge, wapande, na wauombee mji amani. Mtaa mzuri kwa watoto unajengwa na wazazi wanaojuana kwa majina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
- Unawajua watoto wangapi wa ploti yenu kwa majina?
- Wiki iliyopita uliketi na watoto wako saa ngapi?

Maombi: Bwana, tufumbue macho tuone zaidi ya majani mabichi. Utuonyeshe mahali, na utufanye majirani wema mahali hapo. Amina.