Somo la Afya: Tumbo Lililoachwa Wazi Baada ya Upasuaji



Wengi wetu tumekwisha kwenda hospitali kumtazama mgonjwa aliyepasuliwa tumbo usiku kwa haraka, tukakuta jambo ambalo hatukulitazamia: tumbo halikushonwa. Juu ya matumbo pamewekwa nailoni, na pembeni imetokezwa mipira ya kutolea maji machafu. Tulipata kuwaona ndugu wa kijana mmoja wakimfungia mizigo ili wamrudishe nyumbani. Walisema, "Madaktari wamekata tamaa. Kama wangetumaini atapona, wangemshona." Muuguzi wa zamu aliwasihi karibu saa nzima. Kijana alibaki, akashonwa siku ya nne, na sasa analima shamba lake. Ndiyo maana tumeona vema kulieleza jambo hili katika somo letu.

Upasuaji wa namna hii huwa wa dharura. Homa ya matumbo imetoboa utumbo, au kidole tumbo kimepasuka, au ngiri imejinyonga hata kipande cha utumbo kikafa, au mtu ameumizwa katika ajali ya gari. Kinyesi na usaha vimekwisha kuenea tumboni. Daktari huosha na kukata kilichooza, lakini pengine hawezi kujua papo hapo kama sehemu iliyobaki itaishi. Tena matumbo huvimba. Akiyalazimisha kuingia na kushona kwa nguvu, tumbo hujaa na kubana kama gunia lililoshindiliwa: damu haipiti vizuri, figo huacha kutoa mkojo, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Basi huacha wazi kwa makusudi, na baada ya saa 24 hadi 48 humrudisha mgonjwa katika chumba cha upasuaji ili atazame tena na kuosha tena. Huko si kukata tamaa hata kidogo.

Hata ile nailoni ina habari yake. Mwaka 1984, huko Bogotá nchini Colombia, daktari Oswaldo Borráez, aliyekuwa bado katika mafunzo ya upasuaji, alichukua mfuko wa maji ya dripu, akaukata na kuushonea kwenye kingo za jeraha. Mfuko huo haugandamani na utumbo, ni wa bei ndogo, na kwa kuwa unapenya macho daktari huona rangi ya matumbo bila kuufungua. Siku hizi hospitali kubwa zina mashine za kufyonza maji ya jeraha, lakini mfuko wa Bogotá ungali unaokoa watu mahali pasipo na mashine.

Hata hivyo tumbo wazi lina hatari, na hatari huongezeka kadiri siku zinavyopita. Mgonjwa hupoteza maji, chumvi na protini nyingi katika jeraha. Inayoogopwa zaidi ni fistula, yaani utumbo kutoboka na kumwaga vilivyomo moja kwa moja katika kidonda. Ikitoa zaidi ya nusu lita kwa siku, mgonjwa hukonda upesi sana. Maji hayo huichoma ngozi kama vile yanavyomeng'enya chakula, kwa hiyo wauguzi hubandika mfuko wa kuyakinga na kupaka marhamu ya zinki pembeni. Ndugu huuliza kwa nini daktari hazibi tundu mara moja. Utumbo uliovimba haushiki uzi. Akishona leo, kesho matundu yaweza kuwa mawili. Fistula inayotoa kidogo yaweza kujifunga yenyewe kwa majuma kadhaa, endapo mgonjwa analishwa vizuri na usaha umekwisha. Chakula basi ni dawa: mayai, samaki, maharage, maziwa, kwa kadiri daktari atakavyoruhusu. Ila mwenye fistula inayotoa sana asinyweshwe maji matupu mengi bila kuuliza, maana huweza kumzidishia kupoteza chumvi.

Na tuseme wazi juu ya harufu. Fistula hunuka, na mgonjwa anajua kwamba anaonekana anavyonuka. Tumeona wageni wakisimama mlangoni wameziba pua kwa kanga, na mgonjwa akageukia ukutani, akakataa kula siku ile nzima. Asiyeweza kuvumilia ni heri atume salamu.

Kuna hatari nyingine impatayo hata aliyekwisha kushonwa, na hii huweza kutokea nyumbani. Kati ya siku ya 5 na ya 10 mshono wa ndani huweza kuachia. Dalili yake ni maji mepesi yenye rangi ya damu kulowesha bandeji kwa ghafula, na pengine mgonjwa husema amesikia kitu kimeachia alipokohoa. Ikiwa matumbo yametokeza, mlazeni chali, magoti yamekunjwa. Msiyasukume ndani. Yafunikeni kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye chumvi kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Kitambaa kisikauke njiani. Asile wala asinywe kitu, maana atapasuliwa tena. Msiweke majani, majivu wala samli. Tafuteni gari saa ile ile, hata kama ni usiku.

Pengine tumbo haliwezi kufungwa kabisa. Hapo daktari hungoja nyama nyekundu iote, kisha hupandikiza ngozi kutoka pajani. Mgonjwa atakwenda nyumbani na uvimbe wa ngiri mbele ya tumbo, nao kwa kawaida hutengenezwa baada ya miezi 6 hadi 12, matumbo yakiwa yamelegea na kuachana. Katika muda huo asibebe ndoo ya maji kichwani wala kupasua kuni, na hospitali ikimpa mkanda wa tumbo auvae kama alivyoelekezwa. Kwa mama wa nyumba kazi hizo hazingoji, kwa hiyo jirani na wapangane mapema nani atamchotea maji.