Mtoto Aliyekawia Kulia: Akili Yake Itapona?

Mama, labda mtoto wako alizaliwa mlegevu, bila kulia. Mwuguzi akamkausha, akamsugua mgongo, akamsukumia hewa kwa mfuko na maski. Kiisha akalia. Sasa anapumua, lakini moyo wako unauliza: je, akili yake itapona?

Mama, siku ya kwanza hakuna mtu anayejua. Ubongo unaishi kwa hewa inayoletwa na damu. Hewa ikikosekana dakika nyingi, ubongo unaumia, na ubaya huo unaweza kuendelea saa nyingi hata kama mtoto amekwisha kupumua vizuri.

Ulaya na Marekani watoto kama hao wanapozwa kwa mashine mpaka digri 33 na nusu, kwa saa 72, wakianza kabla ya saa 6 kupita. Kule inasaidia. Hata watu wakubwa ambao moyo wao ulisimama wamepozwa vile. Na waganga wao, pamoja na mashine zote, wanangoja siku tatu ao zaidi kabla ya kusema mgonjwa ataamka ao hapana. Sababu ubaridi na dawa za usingizi vinaweza kumwonyesha mtu kama amekwisha, kumbe ubongo bado.

Basi, nyumbani tumpoze mtoto? Hapana, hata kidogo! Habari iliyotolewa mwaka 2021 ilihusu watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa, katika hospitali kubwa, walikufa 42 kwa kila 100, wasiopozwa, 31. Nilimwona nyanya mmoja akimmwagia mjukuu maji ya baridi ili ashtuke. Alifanya kwa upendo, lakini mtoto alifika kwetu baridi kama jiwe. Sherti mtoto akae kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, mmefunikwa pamoja.

Kiisha tunatazama. Mimi ninatazama mdomo kuliko kitu kingine. Mtoto aliyekodoa macho, anayestuka-stuka, lakini siku ya pili ananyonya vizuri, huyo mara nyingi anakua kama wenzake. Mwingine ni mlegevu, analala sana, anapata degedege. Huyu akae hospitalini. Tutamkamulia maziwa ya mama yake na kumpa kwa mpira mwembamba. Kama ameamka na kunyonya kwa nguvu mbele ya siku ya tano, tumaini ni kubwa. Kama juma limepita naye angali mlegevu, tuna wasiwasi, na tutakuambia, hatutakuficha. Yule asiyeamka kabisa, asiyeweza kupumua vema, wengi wao wanatuacha. Si kosa lako, mama, wala si uchawi wa jirani.

Degedege ya mtoto mchanga si kelele kila mara: pengine anatafuna-tafuna bure, ao miguu inazunguka kama ya mtu wa kinga. Ukiona hivyo, njoo hata usiku.

Ukirudi nyumbani, usikose siku za kupima. Mwezi wa nne tutaona kama anashika kichwa na kufungua vidole; mwezi wa tisa, kama anakaa peke yake. Akikawia, tutakufundisha namna ya kumkalisha na kumnyoosha. Leta fishi yake, na umwambie mwuguzi mara moja: "Huyu ndiye aliyekawia kulia."