Istilahi za Unyonyeshaji na Uelewa wa Akina Mama Vijijini: Mfano wa Uasin Gishu

Makala haya yananuia kuchunguza namna maneno ya Kiswahili yanavyobeba, au kupotosha, maarifa ya kunyonyesha katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Eldoret. Wapenzi wa fasihi wanaifahamu sitiari ya titi la mama katika ushairi wa Shaaban Robert. Hapa linazungumziwa titi lenyewe.

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Ulimwenguni limependekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za demografia na afya, watoto wa Kenya wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa hivyo walikuwa asilimia 32 mwaka 2008-09, na asilimia 60 mwaka 2022. Hatua ni kubwa, lakini watoto 4 katika kila 10 walikuwa bado wanapewa kitu kingine.

Ndipo neno "pekee" linapohitaji kutazamwa. Katika Kiswahili maji hayaliwi, hunywewa. Mama anayeambiwa asimpe mtoto "chakula kingine" anaweza kulitii agizo hilo kikamilifu huku akimnywesha maji kila jua linapowaka. Hajakaidi, ameielewa lugha kama ilivyo. Ujumbe ungepaswa kutamka waziwazi: hata maji asipewe, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Kitenzi "kulikiza" kina hatari kubwa zaidi. Kamusi hukieleza kuwa ni kumwachisha mtoto ziwa, ilhali baadhi ya maandishi ya lishe, hasa ya Tanzania, hutumia "vyakula vya kulikiza" kwa maana ya vyakula anavyoanzishiwa mtoto akiwa bado ananyonya. Msomaji akishika maana ya kamusi, mtoto wa miezi 6 atanyimwa titi mwaka mmoja na nusu kabla ya wakati. "Chakula cha nyongeza" ni istilahi salama zaidi.

Kuna pia dang'a, yale maziwa mazito ya siku za mwanzo yenye kingamwili. Bara wengi husema tu "maziwa ya kwanza", na umanjano wake huwafanya baadhi ya akina mama wayashuku na kuyakamua chini. Hapa mwelimishaji ana msaada wa karibu. Uasin Gishu ni eneo la ng'ombe wa maziwa, na mfugaji wa Moiben au wa Ziwa (jina ambalo mwanaisimu halipiti bila kutabasamu) anajua kwamba ndama asiyenyonya dang'a mapema huenda asipone.

Aidha, kwa wengi wa akina mama hao Kiswahili ni lugha ya pili. Mhudumu wa afya ya jamii anayefasiri ujumbe kwa Kinandi mlangoni pa mzazi atasema kile alichokisoma karatasini. Wanafunzi wa Kiswahili na wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Moi wanaweza kuanza kwa kuzipitia karatasi hizo neno kwa neno, wakiwa na akina mama wenyewe.