Kuomba, Kuombea na Vihusishi vya Kiingereza

Katika Misa ya Kiingereza, mseminari mmoja alipangiwa kusoma Maombi ya Waamini. Alisimama vizuri, sauti ikatoka vizuri, akasema: "Let us pray to all the sick of our parish." Waamini wakaitikia kama kawaida. Lakini alichosema, kikiletwa kwa Kiswahili, ni "tuwaombe wagonjwa wote", wakati alitaka kusema "tuwaombee". Tunamwomba Mungu, "pray to God". Tunawaombea wagonjwa na marehemu, "pray for the sick", "pray for the dead". Tukimwomba Mtakatifu Yosefu atuombee, ni "we pray to Saint Joseph". Ukisema "we pray for Saint Joseph", umemhesabu miongoni mwa wanaohitaji sala zako.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Kiswahili huingiza kazi ya kihusishi ndani ya kitenzi chenyewe: omba huwa ombea, kimbia huwa kimbilia, hama huwa hamia. Hiyo ndiyo kauli ya kutendea tuliyofundishwa shuleni. Kiingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo na kukiwekea neno dogo nyuma yake. Kumkimbia adui ni "run from the enemy". Kumkimbilia padre ni "run to the priest". Kwa hiyo ukijifunza kitenzi kipya, kiandike daftarini pamoja na kihusishi chake, kama neno moja.

Wakati mwingine Kiingereza hutofautisha mambo ambayo sisi tunayasema kwa neno moja. Mpira unamtupia mwenzako ili audake: "throw the ball to him". Jiwe unamtupia mbwa ili limpate: "throw a stone at the dog". Vivyo hivyo, "shout to" ni kumwita kwa sauti mtu aliye mbali, na "shout at" ni kumfokea. Mlezi akikuita kutoka ng'ambo ya uwanja, usiende kusimulia kwamba "he shouted at me".

Neno "kwa" ndilo linalotuponza zaidi. Kristo alikufa kwa ajili yetu: "died for us". Mzee wa jumuiya alikufa kwa malaria: "died of malaria". Nimewahi kusikia katika wasifu wa marehemu "he died for malaria", yaani aliyatoa maisha yake kwa ajili ya malaria! Tena tunaandika kwa kalamu, "with a pen", tunasafiri kwa basi, "by bus", na tunakwenda kwa miguu, "on foot". Hapa hakuna kanuni ya kukusaidia. Ni kukariri tu.

Kuna na kosa la kuongeza. Katika barua za kuomba ruhusa utakuta "I request for permission", na katika mihtasari ya vikao "we discussed about the harvest". Chanzo chake kinaeleweka. Nomino ya Kiingereza huhitaji kihusishi: "a request for permission", "a discussion about the harvest". Ukitumia kitenzi, kihusishi huondoka: "I request permission", "we discussed the harvest". "Emphasis on" na "emphasize" hufuata njia hiyo hiyo. Kinyume chake, tunasahau "to" kwa sababu Kiswahili hakiihitaji: "nisikilize" si "listen me" bali "listen to me", na "nieleze somo hili" ni "explain this lesson to me".

Kitenzi "marry" kinahitaji tahadhari ya pekee. "Father married Anna and Peter" maana yake alifungisha ndoa yao, na baada ya hapo "Anna is married to Peter", wala si "with Peter". Lakini ukiandika kwenye matangazo "Father married Anna" ukamsahau Peter, Jumapili hiyo utaulizwa maswali mengi.

Jaribu na hii: "The catechist attends to Mass every morning and attends the sick in the afternoon." Maneno yote yamo, ila "to" imekaa pasipo mahali pake. Ihamishie inakostahili.