Kurudi Shule kwa Njia ya QT: Fomu, Ada na Safari ya Usiku

Kila Januari vituo vya elimu ya watu wazima hupokea wageni wa aina mbili: anayekuja na cheti cha darasa la saba ndani ya bahasha ya kaki, na anayekuja na mtu wa kumsemea. Wa kwanza huuliza ada. Wa pili hukaa kimya, na mara nyingi yeye ndiye mwenye maswali mazito. Haya ni baadhi ya yanayoletwa kwangu kama mwezeshaji, ya usajili na ya usalama, nami nimeyaacha yachanganyike kwa kuwa ndivyo yanavyokuja.

Swali: Nilimaliza darasa la saba nikaingia kwenye biashara. Sasa nina miaka 30. Naweza kufanya mtihani wa kidato cha nne bila kuvaa sare na kukaa na watoto?

Unaweza. Njia yake ni QT, Mtihani wa Maarifa unaotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Mtihani huo unashika nafasi ya kidato cha pili: ukiufaulu, unakuwa na sifa ya kusajiliwa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vituo vingi hufundisha kwa hatua mbili, kila hatua mwaka mmoja. Ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, ya pili ni cha tatu na cha nne. Kama ulifika sekondari na ukafaulu kidato cha pili, nenda na matokeo yako uulize kama bado yanakubalika kabla hujalipia QT bure.

Miaka minne iliyobanwa kuwa miwili tayari ni mzigo. Kituo kinachokuahidi miezi sita, kiulize mada zipi zimefutwa. Na ujiandae: mtu aliyekaa miaka mingi akishika kalamu kwa ajili ya kuandika madeni tu, mwezi wa kwanza ni wa kuuzoesha mkono kuandika kurasa nzima.

Swali: Mwalimu wa kituo ametuambia tumtumie ada ya NECTA kwenye simu yake, atatusajili wote kwa pamoja. Ni sawa?

Si sawa, hata kama ni mtu mwema. Watu huchanganya mambo mawili. Kusoma katika kituo ni kitu kimoja, kusajiliwa kufanya mtihani ni kingine. Unaweza kusoma mwaka mzima, ukahudhuria kila jioni, na Novemba ikifika jina lako lisiwepo kwenye orodha. Mtahiniwa wa kujitegemea hupewa namba rejea na kituo cha mtihani, hujaza taarifa zake kwenye mfumo wa NECTA, kisha hulipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali. Fedha hiyo haipiti mfukoni mwa mtu. Kama huwezi kutumia mfumo, keti na mtu anayeujua, umwone akijaza, uondoke na nakala.

Angalia jina. Cheti cha darasa la saba kinasema Mwanahamisi, kitambulisho cha NIDA kinasema Hamisa, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo hulitumii. Mambo haya hutengenezwa mapema, kwa hati ya kiapo inapohitajika, si wiki ya mtihani. Dirisha la usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo anza na karatasi kabla ya kununua madaftari.

Kama una wasiwasi na kituo chenyewe, nenda halmashauri umwone Afisa Elimu ya Watu Wazima. Kila halmashauri inaye, ingawa wengi hawajawahi kubisha hodi kwake.

Swali: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 17, alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, sasa amejifungua. Mkuu wa shule anasema nimpeleke QT. Hana haki ya kurudi?

Marahaba, mama. Anayo. Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 unatoa muda wa miaka miwili wa kurejea. Kwa hiyo mkuu wa shule anaweza kushauri. Kuamua si kazi yake.

Baada ya hapo mwulize binti mwenyewe. Wapo wanaotaka kurudi kwenye darasa lao, na wapo wasiotaka hata kupita njia ile. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, imewasomesha wengi wa namna hiyo kupitia mradi wa SEQUIP, ulioendeshwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 ulioidhinishwa mwaka 2020. Kituo kina faida zake: ratiba fupi, wenzake walio na watoto, hakuna paredi ya asubuhi. Mkichagua kituo, ulizeni atanyonyesha wapi. Nimeona vituo ambavyo jibu ni chumba chenye mkeka na mlango unaofungwa, na vingine ambavyo jibu ni kicheko. Cha kicheko kiacheni.

Swali: Nimemwandikisha mwanangu wa miaka 16. Nilipofika nikakuta darasa moja lina madereva wa bodaboda, mama lishe, na askari wa miaka arobaini na kitu. Hii ni salama?

Swali hili ningependa kila mzazi aliulize siku ya kuandikisha. Elimu ya watu wazima nchini ilijengwa kwa ajili ya watu wazima hasa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mwanakisomo aliyefikiriwa ni mkulima mwenye familia yake, anayekaa chini ya mwembe na majirani zake. Leo kwenye benchi la QT nusu ya watu wanaweza kuwa watoto kwa mujibu wa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haiangalii kama umeshazaa au unajilipia ada. Chini ya miaka 18 wewe ni mtoto, na kituo kina wajibu kwako ambao hakina kwa yule askari.

Mchanganyiko wenyewe si mbaya. Mama lishe huleta utulivu darasani, na nimewaona wakimkemea kijana anayemchokoza binti kabla mwezeshaji hajageuka kutoka ubaoni. Ubaya unaanza pale kituo kinapowachukulia wote kuwa wamoja. Kundi moja la WhatsApp lenye namba za kila mtu, kwa mfano: siku ya kwanza binti wa miaka 16 amejiunga, usiku huohuo amepata salamu kutoka kwa wanaume watatu. Hakuna aliyeiba namba yake, kituo ndicho kilichoigawa. Matangazo yatumwe na kituo peke yake, na ya walio chini ya miaka 18 yaende kwa mzazi.

Uliza pia tarehe ya kuzaliwa inaandikwa wapi. Kama fomu haina nafasi yake, mwezeshaji hana namna ya kujua nani ni mtoto, atakadiria kwa macho, na binti mrefu atahesabiwa mtu mzima. Kisha uliza kama wanafunzi wameambiwa waziwazi kwamba uhusiano na mwenzao aliye chini ya miaka 18 ni jinai. Mtu mzima anayelala na binti wa miaka 16 wa darasani kwake hawezi kujitetea kwamba binti alikubali. Hili lisemwe kwa sauti siku ya kwanza, wanaume wakiwepo.

Swali: Vipindi vinaisha saa mbili usiku.

Basi fomu iwe na swali la tatu baada ya jina na umri: unarudije nyumbani? Kwa daladala, kwa miguu, unapitia wapi, unaongozana na nani. Wanaokwenda njia moja watoke pamoja. Vituo vingine huweka masomo ya wasichana asubuhi, na kwa aliyeacha shule bila kazi hiyo ni afadhali kabisa. Bodaboda awe yule anayejulikana, namba ya pikipiki iandikwe.

Swali: Mimi ni mlinzi wa kituo. Mtu amekuja anasema ni mjomba wa mwanafunzi, anataka aitwe. Nifanyeje?

Usimwite, na usimwambie kama yupo au hayupo. Wapo wasichana waliokimbia kuozeshwa, wapo wanawake wanaosoma waume hawajui, na kila anayewatafuta huja na undugu. Mwandike kwenye daftari la wageni, mpeleke ofisini, ofisi ilinganishe jina lake na jina la mtu wa kupigiwa simu lililo kwenye fomu. Kama halimo, mwanafunzi aulizwe faraghani. Orodha ya mahudhurio isibandikwe mlangoni. Taarifa za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Swali: Mwezeshaji wetu anamsumbua rafiki yangu, anasema asipokubali hatamfundisha. Tumwambie nani?

Kama rafiki yako ana chini ya miaka 18, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Umri wowote, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi. Msifute ujumbe wowote alioandika. Ikiwa ameshamdhuru, hospitali ndiyo ya kwanza, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wapo sehemu moja. Msikubali suala limalizwe kwa kikao cha kituo na soda.

Swali: Nina kituo kidogo ghorofani, juu ya maduka. Naambiwa nifikirie moto. Ni lazima?

Ni lazima. Ngazi moja, madirisha yenye nondo, wanafunzi arobaini usiku, na chini yenu fundi magodoro: hapo pana shida. Omba Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague. Dirisha moja la kila chumba liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, na ngazi zisigeuzwe stoo ya muuza duka. Na ufunguo wa geti akae nao mlinzi aliyepo pale usiku, si mwenye nyumba anayeishi Kigamboni.