Kiingereza cha Kazini: Tazama Majirani wa Neno

Katika somo hili tunatoa mifano yetu Rubona, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, karibu na mji wa Gisenyi. Tumepachagua kwa sababu eneo lile dogo lina kazi za namna nyingi: wapo wanaobeba mizigo ya maboti, wapo wavuvi wa sambaza, na jirani yao kiko kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mwaka 1957. Lugha nazo ni nyingi. Kinyarwanda ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni na cha wasafiri wa ziwa, na waliosoma zamani walisomeshwa kwa Kifaransa. Kisha mwaka 2008 serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza. Hivyo baba na mwanawe wanaweza kufanya kazi sehemu moja, mmoja amesoma kwa Kifaransa na mwingine kwa Kiingereza, na mkataba ukaletwa kwa Kiingereza wautie sahihi wote wawili. Sahihi ikishawekwa, neno ambalo hukulielewa linakufunga sawasawa na ulilolielewa.

Wengi wetu tukikuta neno gumu hufungua kamusi na kuchukua maana ya kwanza. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kamusi huorodhesha maana zote ambazo neno linaweza kuwa nazo; maana inayotakiwa huchaguliwa na maneno yaliyokaa jirani. Walimu huita mazingira hayo muktadha. Katika Kiswahili tunafanya hivyo kila siku bila kufikiri. Mtu akisema, “Chombo kimeng’oa nanga,” tunajua ni cha majini. Akisema, “Osha vyombo,” hakuna anayekimbilia ziwani. Kiingereza nacho kina neno “vessel” lenye tabia hiyohiyo. “The vessel left Rubona with forty passengers”: abiria na kuondoka vinaonyesha boti. “Rinse the vessel before filling it”: kusuuza na kujaza vinaonyesha pipa au tangi. Na zahanati ukisikia “blood vessel”, damu iliyotangulia inakuambia ni mshipa.

Wakati mwingine jirani anayesaidia ni mahali neno lilipokaa. Wavuvi wa sambaza huvua usiku kwa taa, kwa hiyo tuchukue neno “light”. “They light the lamps”: limefuata watu, basi ni kitendo, wanawasha. “The light attracts the fish”: limetanguliwa na “the”, basi ni kitu, mwanga. “A light load”: limekaa mbele ya mzigo, basi linaueleza mzigo, ni mwepesi.

Sasa tuje kwenye maneno yanayogusa mfuko. Mvuvi anaijua “net”, ni wavu wake. Lakini katika karatasi ya mshahara “net pay” si fedha za wavu! Ni kile kinachobaki mkononi baada ya makato. Mwenzake ni “gross pay”, mshahara mzima kabla ya kukatwa chochote. Ukiahidiwa kazi na kuambiwa kiasi cha mshahara, tazama ni lipi kati ya maneno haya mawili limeandikwa kando ya tarakimu. Kama hakuna hata moja, uliza kabla ya kushika kalamu.

Tena “gross” hiyohiyo ikikaa mbele ya “misconduct” haina uhusiano na mshahara. “Gross misconduct” ni kosa kubwa la kazini. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inataka mwajiri anayevunja mkataba usio na mwisho maalumu atoe taarifa mapema: siku 15 kwa mfanyakazi ambaye hajatimiza mwaka, siku 30 kwa aliyetimiza mwaka au zaidi. Taarifa hiyo kwa Kiingereza ni “notice”, neno lilelile la ilani inayobandikwa ukutani. Lakini aliyefukuzwa kwa kosa kubwa hapewi siku hizo. Kwa hiyo anayepokea barua yenye “gross misconduct” asidhani ni lawama ya kawaida akaikunja mfukoni. Aipeleke kwa mwakilishi wa wafanyakazi siku ileile. Sheria yenyewe ilichapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Ukikwama katika Kiingereza, soma kifungu chenye namba ileile katika lugha unayoimudu.

Neno linalostahili subira zaidi ni “discharge”. Dawa yake ni kutazama kinachofuata. “Discharge the cargo” ni kupakua shehena. “Discharge a worker” ni kumwachisha kazi. “Discharge a patient” ni kumruhusu mgonjwa aondoke hospitali, na hiyo ni habari njema. “Discharge waste water” ni kumwaga maji machafu. Na mkataba unaweza kusema, “The worker shall discharge all duties given by the captain.” Anayelijua neno hili kwa maana ya kufukuzwa tu ataogopa bure. Kilichofuata ni “duties”, majukumu. Maana yake ni kwamba mfanyakazi atatekeleza kazi zote atakazopewa na nahodha. La kuuliza hapo ni jingine kabisa: kazi “zote” ni zipi?

Waliosoma Kifaransa wana faida, maana maneno mengi yanafanana, lakini mengine hufanana sura tu. Kwa Kifaransa “demander” ni kuomba. Kwa Kiingereza “demand” ni kudai, tena kwa ukali. Mtu anayetaka kuomba ruhusa ya kwenda mazishini akiandika “I demand” anamgombeza bwana mkubwa bila kujua. Aandike “I request”. (Kuna siku ya kudai pia, na siku hiyo neno lake lipo tayari.) “Délai” ni muda uliowekwa, bali “delay” ni ucheleweshaji, muda wa mwisho kwa Kiingereza ni “deadline”. Hata chama chetu kimo katika mtego huu. “Syndicat” ni chama cha wafanyakazi, lakini “syndicate” kwa Kiingereza ni kundi la wafanyabiashara walioungana, au hata genge la wahalifu. Sisi ni “trade union”.

Hata hivyo Kifaransa kisitupwe, kwa maana kuna neno ambalo aliyekisoma hulielewa haraka kuliko kijana wa Kiingereza. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilianza kutumiwa katika kiwanda cha bia miaka ya 1960, na penye gesi pana maandishi ya hatari. Kijana amefundishwa kwamba “in-” mwanzoni mwa neno hukanusha: “correct” ni sahihi, “incorrect” si sahihi. Akiona “inflammable” anaweza kudhani ni kitu kisichoshika moto. Sivyo! “Inflammable” na “flammable” zina maana moja: huwaka upesi. Kisichowaka huitwa “non-flammable”. Kama huna hakika, tazama majirani: mchoro wa moto, “No smoking”, “Keep away from heat”. Hakuna anayekataza sigara karibu na kitu kisichowaka.

Sasa jaribu mwenyewe. Chagua neno moja kati ya mawili, na utaje jirani aliyekusaidia. La kwanza: “We ... a meeting on Monday, if the manager is free” (demand au request). La pili: “Hand in this form by Friday, that is the...” (delay au deadline). La tatu: “After tax and other deductions, his ... pay is small” (net au gross). La nne: “She is on ... and will be back next week” (notice au leave).

Majibu: la kwanza ni “request”, kwa sababu ya “if”, anayedai haulizi kama meneja ana nafasi. La pili ni “deadline”, kwa sababu Ijumaa imetajwa kuwa mwisho. La tatu ni “net”, kwa sababu makato yametangulia. La nne ni “leave”, yaani likizo. Hapa “leave” si kuondoka, kwani limetanguliwa na “on”, na maneno “will be back” yanasema kwamba wiki ijayo atakuwa kazini kwake.